Chungu Kimoja kwa Nyumba Nzima

Ikifika alasiri, mitaa ya Makadara na Bondeni mjini Mombasa huanza kunukia mafuta ya moto. Makarai hutolewa nje, na mbele yake hupangwa viazi vya karai, bajia za kunde, kachori, sambusa na mihogo ya kukaanga, kando yake bakuli la ukwaju na jingine la chatini ya nazi. Kwa watoto wengi hakuna saa tamu kuliko hiyo. Kwa mtoto ambaye mwili wake haukubali ngano, kila sahani hapo ina swali lake. Bajia za kunde ni kunde zilizorowekwa, zikamenywa na kusagwa pamoja na kitunguu na pilipili. Kwa desturi hazitiwi ngano. Viazi vya karai huchovywa katika rojo la unga, na unga huo kwa mpishi huyu ni wa dengu, kwa yule ni wa ngano, kwa mwingine ni vyote viwili. Kisha chenye ngano na kisicho na ngano hukutana katika mafuta yale yale.

Katika mitaa ya jirani, kuanzia Langoni hadi Mji wa Kale, wanaishi Wahindu wa Kigujarati, Mabohora, Maismailia, Wajaini na wengineo ambao mababu zao walitoka Kachi na Kathiawar, magharibi mwa India. Majiko yao yana mitego ya namna hiyo hiyo. Upo unga wa ngano wa kusukuma rotli, samli ya kuzipaka, mtindi wa kupikia kadhi, korosho za kutia uzito kwenye mchuzi, na njugu nzima ambazo Wagujarati wengi hutia ndani ya dali. Daktari anapomwambia mzazi kwamba mtoto asiguse kimojawapo cha vitu hivyo, wazo la kwanza ni kumtengea: kisufuria chake, wali wake mweupe, kipande chake cha kuku wa kuchemsha, huku ndugu zake wakila vinono mbele ya macho yake.

Mara nyingi hakuna haja. Mapishi ya Wahindi wa Mombasa si tena yale yaliyoteremshwa kutoka majahazini. Yamekaa pwani zaidi ya karne moja, yakazoea nazi, mhogo, mahindi, kunde na mbaazi, na mazoea hayo ndiyo hasa anayoyahitaji mtoto mwenye mzio. Nyumba nzima inaweza kula chungu kimoja, na chungu hicho kikawa kitamu bila mtu yeyote kuhisi kwamba amekatiwa kitu.

Lakini kabla ya kubadilisha chungu, sharti ijulikane ni nini kinachomdhuru mtoto, na kinamdhuru kwa njia gani. Watu husema "aleji" kwa mambo matatu yasiyofanana. La kwanza ni mzio wenyewe: kinga ya mwili huiona protini ya chakula fulani kuwa adui na kuishambulia. Dalili hutokea ndani ya dakika chache, kwa kawaida kabla ya saa mbili kupita: mabaka ya kuwasha, midomo kuvimba, kutapika, kifua kubana. Mtoto anayeshindwa kupumua au kulegea baada ya kula anahitaji sindano ya adrenalini pajani na hospitali saa ile ile. Dawa ya mafua na mwasho haiwezi kuziba nafasi hiyo. La pili ni tumbo kutostahimili kitu, na mfano wake mkubwa ni laktosi, sukari iliyomo ndani ya maziwa. Hapo mtoto huvimbiwa, hujamba na kuharisha, lakini maisha yake hayamo hatarini. La tatu ni siliaki, ugonjwa ambao gluteni, protini ya ngano na shayiri, huufanya mwili ujeruhi utumbo wake wenyewe. Mtoto wa siliaki huenda asipate mabaka wala uvimbe. Hupungua uzito, tumbo hujaa, damu hupungua, kimo hudumaa.

Tofauti hizi zina maana jikoni. Chukua kijiko kimoja cha samli. Mtoto asiyestahimili laktosi kwa kawaida hukila bila shida, kwa sababu sukari ya maziwa karibu yote huondoka siagi inapochemshwa na kuchujwa. Mtoto mwenye mzio wa maziwa hapaswi kukigusa, kwa kuwa masalio ya protini hubaki, hata samli ikiwa safi namna gani. Nyumba nyingi huamini kwamba samli "si maziwa tena", na kwa imani hiyo mtoto huendelea kuumwa huku mama akiapa kwamba maziwa amemkataza.

Kwa hiyo uchunguzi ni kazi ya daktari wa watoto, na hata huko vipimo havitoshi peke yake. Damu au ngozi inaweza kuonyesha kwamba mwili umekitambua chakula, na mtoto bado akakila bila neno. Katika nchi zenye minyoo na kichocho jambo hili ni la kawaida zaidi: watafiti waliowapima watoto wa shule nchini Ghana waliwakuta wengi wakiwa na kingamwili za njugu katika damu, na hali wachache sana ndio waliodhurika kwa kuzila. Kinachoaminika zaidi ni daftari la vyakula na dalili, kisha kuondoa chakula kimoja kinachoshukiwa kwa wiki chache chini ya uangalizi, kisha kukirudisha na kutazama. Kufuta vyakula sita kwa mpigo kwa sababu jirani amesema ni njia ya haraka ya kumtia mtoto utapiamlo.

Sasa jiko lenyewe.

Mapishi ya Gujarati yamesimama juu ya maziwa: mtindi, malai, samli, paniri, maziwa ya kuchemshwa hadi yakawa mazito kwa ajili ya vitamu. Wanawake waliofika Mombasa na Unguja katika karne ya 19 walikuta visiwa vyenye ng'ombe wachache na minazi isiyohesabika. Wakatazama wenyeji wanavyokuna nazi kwa mbuzi na kukamua tui la kwanza, la pili na la tatu, na polepole tui likashika nafasi ya mtindi na malai. Kutokana na ndoa hiyo ya mapishi kilizaliwa chakula ambacho Wahindi wa Afrika Mashariki hukitambua popote walipo duniani, kuku wa paka. Kuku huchomwa kwanza juu ya makaa hadi aanze kuungua pembeni, kisha huingizwa katika tui zito lililopikwa na nyanya, tangawizi, kitunguu saumu, manjano na pilipili mbichi, na mwisho hukamuliwa ndimu na kunyunyiziwa majani ya dania. Hakuna tone la maziwa. Hakuna ngano. Hakuna korosho. Ukimwondolea mayai ya kuchemsha ambayo baadhi ya nyumba huyatia, umepata chakula cha karamu ambacho mtoto mwenye mzio wa maziwa, ngano, mayai au njugu anakila na wageni wote bila mtu kujua kwamba kimepikwa kwa kumfikiria yeye.

Chakula hicho kilisafiri. Familia za Kiismailia zilipohamia Kanada na Uingereza katika miaka ya 1970, zilikwenda nacho. Noorbanu Nimji, aliyetoka Nairobi na kwenda kuishi Calgary, alianza mwaka 1986 kuchapisha vitabu vyake vya A Spicy Touch ili vijana waliokulia ughaibuni wasipoteze mapishi ya nyumbani. Mama wa Calgary mwenye mtoto wa mzio leo ananunua tui la kopo kwa bei ya juu. Mama wa Makadara anavuka Barabara ya Digo, anaingia Marikiti, soko lililofunguliwa mwaka 1914 kwa jina la Mackinnon, na kurudi na nazi mbili.

Kaka yake kuku wa paka, mahindi ya paka, anataka uangalifu zaidi. Magunzi ya mahindi hukatwa vipande na kupikwa katika tui lile lile, lakini wapishi wengi huongeza njugu za kusaga ili mchuzi ushike. Mgeni akiangalia haoni. Rangi ni ile ile.

Kadhi nayo inaweza kupona. Asili yake ni mtindi uliopigwa pamoja na unga wa dengu, ukatiwa tangawizi, pilipili na sukari kidogo, kisha ukaungwa kwa haradali na bizari nyembamba iliyopasuliwa katika mafuta ya moto. Badala ya mtindi tumia tui la pili, jepesi. Unga wa dengu ukorogwe kwanza kwa maji baridi ili usifanye madonge, upikwe ndani ya tui kwa moto mdogo hadi harufu ya unga mbichi iishe, na uchachu uletwe na ukwaju au ndimu baada ya sufuria kuepuliwa, kwa sababu tui likichemka sana pamoja na ndimu hukatika. Ladha si ile ya Rajkot kule Gujarati, na haina sababu ya kuwa ile. Ni kadhi ya pwani, na ukiiweka kando ya khichri ya mchele na pojo hakuna atakayeuliza mtindi uko wapi.

Onyo moja kuhusu tui, nalo ni zito. Jikoni tui linachukua nafasi ya maziwa vizuri sana, mwilini halifanyi hivyo. Lina mafuta mengi, protini kidogo na karibu halina kalisi. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja mwenye mzio wa maziwa anahitaji kunyonya au maziwa maalumu yatakayoandikwa na daktari. Mkubwa wake anahitaji kalisi kutoka kwingine, na hapa jiko la Kihindi na la Kiswahili hukutana tena, mara hii kwenye wimbi. Gramu 100 za wimbi zina takriban miligramu 340 za kalisi. Kiasi hicho hicho cha maziwa ya ng'ombe kina kama miligramu 120. Si yote inayofyonzwa, kwa kuwa nafaka hushikilia madini yake, ila kuroweka na kuotesha wimbi kabla ya kusaga husaidia. Kusini mwa India nafaka hii huitwa ragi, na kina mama huwaanzishia watoto wachanga uji wake. Bibi wa Kimijikenda angeutambua uji huo kwa macho tu.

Ngano ni mtihani mgumu zaidi, kwa sababu imeingia ndani ya desturi. Reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka India, wengi wao kutoka Punjab, nchi ya ngano, na karibu 7,000 walibaki mkataba ulipokwisha. Chapati waliyoipika kambini leo ni chakula cha sikukuu kuanzia Lamu hadi Kisumu. Punjab na majirani zake wa kaskazini ndiko pia siliaki ilikoonekana kwa wingi nchini India: uchunguzi wa jamii uliofanywa karibu na Delhi na kuchapishwa mwaka 2011 ulimkuta mtu mmoja kati ya kila 96 akiwa nayo. Kwa hiyo dhana kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu haina msingi. Waliokula ngano vizazi na vizazi ndio wanaougua, wa rangi yoyote.

Aliyegundua chanzo chake ni daktari wa watoto wa Kiholanzi, Willem Dicke. Tangu miaka ya 1930 alishuku mkate, na njaa kali ya majira ya baridi ya 1944 na 1945, Uholanzi ilipokuwa chini ya Wajerumani, ikampa ushahidi wa kutisha: nchi haikuwa na mkate, watu walikuwa wakifa, na wagonjwa wake wa siliaki walipata nafuu. Mkate uliporudi, wakaugua tena. Tasnifu yake ya mwaka 1950 iliiweka ngano hadharani.

Kiasi kinachodhuru ni kidogo kuliko wazazi wengi wanavyodhani. Watafiti wa Italia walionyesha mwaka 2007 kwamba miligramu 50 za gluteni kwa siku, kwa miezi mitatu, zinatosha kuharibu utumbo wa mgonjwa. Hicho ni kipande cha chapati chenye ukubwa wa kucha ya dole gumba. Kwa mtoto wa siliaki, basi, "kidogo tu" haipo. Kibao cha mbao cha kusukumia chapati hubeba unga katika nyufa zake hata kikisuguliwa, na mtoto anahitaji kibao chake, mpini wake na tawa yake. Hapa peke yake ndipo kutenga kunapofaa, tena vyombo ndivyo vinavyotengwa. Mtoto hatengwi.

Kitu cha kula badala ya rotli kipo tangu zamani, nacho kimesahauliwa kwa sababu kilionekana chakula cha maskini. Wakulima wa Kachi na Kathiawar hawakula ngano kila siku. Walikula rotlo, mkate wa unga wa mawele au wa mtama. Unga huo hauna gluteni ya kuushikamanisha, ndiyo maana aliyezoea ule wa ngano hukata tamaa siku ya kwanza: mkate unapasuka, unavunjika mkononi. Siri yake ni tatu. Unga uwe umesagwa karibuni, kwa kuwa wa mawele hugeuka mchungu upesi. Maji yawe ya moto. Na ukandwe kwa kiganja kwa nguvu, donge moja kwa wakati mmoja, kisha upigwe baina ya viganja viwili badala ya kusukumwa. Mswahili wa Mombasa hana haja ya kufundishwa kuhusu mkate wa namna hiyo, maana mkate wa mofa kwa asili ni wa mtama.

Mchele nao unafungua mlango mpana. Dosa na idli za Wahindi wa kusini ni mchele na dali ya urad iliyochachushwa. Vitumbua, vibibi na mkate wa sinia ni mchele, nazi na iliki. Nyumba ya Kigujarati inayotia mkate wa sinia katika chai ya jioni badala ya thepla za ngano imetatua tatizo bila kununua unga wa bei ghali uliosafirishwa kwa meli.

Zaidi ya hayo, Wahindu wana hazina nzima ya vyakula visivyo na nafaka ambavyo havikukusudiwa wagonjwa hata kidogo. Ni chakula cha mfungo, farali, kinacholiwa siku ya Ekadashi na katika mwezi wa Shravan, ambapo wafungaji huacha ngano na mchele. Hupikwa sabudana (punje za wanga wa mhogo), unga wa rajgira ambao ni mbegu za jamii ya mchicha, viazi, viazi vitamu na mhogo. Mwenye mtoto wa siliaki anaweza kuchukua mapishi hayo na kuyafanya ya kila wiki. Achunge kitu kimoja: khichri ya sabudana kwa kawaida hujazwa njugu zilizopondwa.

Mitego iliyobaki ya ngano hujificha mahali ambapo mtu hatazami. Hing, ambayo wengine huijua kwa jina la mvuje, huuzwa ikiwa imechanganywa na unga ili ipunguzwe ukali, na mara nyingi unga huo ni wa ngano. Mpishi hutia chembe ndogo ndani ya dali akidhani ametia kiungo. Suji ni ngano. Unga wa dengu ni salama wenyewe, lakini ukisagwa katika kinu kilichotoka kusaga ngano muda mfupi uliopita unabeba ngano hiyo. Dawa yake ni kununua dengu nzima, kuzichagua, kuziosha, kuzianika juani na kuzisaga nyumbani. Kwa vyakula vya pakiti, kiwango cha lebo cha Afrika Mashariki kinamtaka mtengenezaji aandike viambato, na kile cha kimataifa cha Codex kinaruhusu kuandikwa "bila gluteni" pale tu kiasi chake hakizidi miligramu 20 kwa kilo. Chevdo, mchanganyiko wa vitafunio vya kukaanga, inayopimwa kwa kikombe dukani haina lebo yoyote, na hapo mzazi hana la kusoma. Ni bora aikaange mwenyewe.

Mzio wa njugu na korosho unaweza kuua haraka, na hapa hakuna nafasi ya kubahatisha. Mwaka 2014 huko Yorkshire, Uingereza, Paul Wilson aliagiza kuku wa tikka masala kutoka mkahawa wa Kihindi na kueleza waziwazi kwamba hawezi kula njugu. Mwenye mkahawa alikuwa amebadilisha unga wa lozi kwa mchanganyiko wa bei rahisi wenye njugu karanga. Wilson alifariki nyumbani kwake. Mwaka 2016 mahakama ilimhukumu mwenye mkahawa kifungo cha miaka 6 kwa kuua bila kukusudia. Mchuzi mzito wa rangi ya dhahabu haumwambii mlaji umetiwa nini. Anayejua ni mpishi peke yake.

Nyumbani, uzito wa korosho unaweza kuletwa na vitu vingine. Wapishi wa kaskazini mwa India kwa muda mrefu wamesaga mbegu za matikiti na za maboga kwa ajili ya michuzi myeupe. Huku pwani nazi iliyokunwa, ikakaangwa kavu na kusagwa laini, hufanya kazi hiyo na kuongeza harufu. Nazi, licha ya jina lake katika lugha nyingi za kigeni, ni tunda la jamii ya mitende, mbali na korosho na lozi. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliiondoa katika orodha yake ya kokwa za mzio mwaka 2025. Wako wachache wanaodhurika nayo, kwa hiyo daktari aulizwe, ila watoto wengi wa mzio wa korosho huila kwa amani.

Wazazi wenye mtoto mchanga asiye na tatizo bado wana habari njema hapa. Gideon Lack na wenzake wa London waliona kwamba watoto wa Kiyahudi wa Israeli, wanaolishwa vitafunio vya njugu tangu wangali wachanga, walikuwa na mzio wa njugu mara kumi pungufu ya wenzao wa Kiyahudi wa Uingereza. Wakafanya jaribio kwa watoto 640 wenye hatari kubwa, wa miezi 4 hadi 11. Matokeo ya mwaka 2015 yalionyesha kwamba kuanzishiwa njugu mapema kulipunguza mzio huo kwa asilimia 81. Zitolewe zikiwa zimesagwa laini ndani ya uji, kamwe si nzima, kwani hupalia. Na mtoto mwenye ukurutu mkali aonwe na daktari kwanza.

Mayai ni shida ndogo katika jiko hili. Langoni limesimama hekalu la Wajaini lililojengwa mwaka 1963, na Wajaini hawali nyama, samaki wala mayai. Wengi hawali hata vitunguu na viazi. Watu waliozoea kuoka keki bila yai kizazi baada ya kizazi wana mengi ya kumfundisha jirani yao mwenye mtoto wa mzio wa mayai, na ni ajabu kwamba wengi huenda kutafuta maarifa hayo mbali wakati yako ng'ambo ya barabara.

Palipo pagumu kweli ni pa mtoto mwenye mzio wa dengu na jamii yake. Miongoni mwa watoto wa Kihindi mzio huu unafahamika vizuri, na kwa walao mboga tupu dali ndiyo protini ya kila siku. Anayedhurika na dengu huenda akadhurika na adesi au njegere pia, huku pojo au mbaazi zikamfaa. Hakuna njia ya kujua isipokuwa kupimwa moja moja hospitalini. Familia inayokula samaki na nyama ina ahueni. Isiyokula inahitaji mtaalamu wa lishe, tena mapema. Haradali ni adui mwingine wa kimyakimya, kwa kuwa huungwa karibu katika kila kitu, na ufuta vivyo hivyo. Muungo wa bizari nyembamba na uwatu hauifikii haradali kwa mpasuko wake, lakini unatosha.

Hatari kubwa kwa kawaida haiko jikoni mwa mama. Iko kwa bibi, kwa shangazi, madrasani, harusini. Nyanya mwenye mapenzi, aliyelea watoto wanane kwa samli, haoni vipi kijiko kimoja cha samli kinaweza kumdhuru mjukuu, na kumgombeza hakusaidii. Kinachosaidia ni kumpa kazi: "Nyanya, wewe ndiye unayejua rotlo. Mpikie mjukuu wako kwa mkono wako." Mpishi anayejua kwamba mtoto anamtegemea huwa mlinzi mkali kuliko wote.

Karamu za sinia zina ugumu wake. Mikono minane katika sinia moja la biriani ni mikono minane iliyoshika mkate, mtindi na achari. Mtoto achotewe mwanzo, kabla sinia halijawekwa, kutoka chini ya sufuria ambayo mama ameuliza habari zake. Siku ya Diwali au Idi, mzazi mwenye busara hufika na sahani kubwa ya kitu ambacho mtoto wake anakila, ya kutosha ukumbi mzima: ladu za nazi na sukari guru, au kashata za nazi. Hivyo mtoto hali peke yake pembeni, anagawa.

Mengi ya mazuio haya si ya maisha. Siliaki haiondoki, na mzio wa njugu humwachilia takriban mtoto mmoja kati ya watano. Lakini watoto wengi wenye mzio wa maziwa au mayai huachana nao kadiri wanavyokua. Kuvirudia vyakula hivyo hufanywa kwa ngazi, chini ya daktari, kwa kuwa joto la muda mrefu hubadilisha umbo la protini. Kwa maziwa, kwanza ni biskuti iliyookwa yenye maziwa kidogo sana, baadaye keki, kisha paniri iliyopikwa, kisha mtindi, na mwisho kabisa maziwa yenyewe. Kwa mtoto aliyewahi kupata shambulio kali, kipande cha kwanza cha biskuti huliwa hospitalini, muuguzi akiwa karibu na sindano tayari, na mtoto hubaki hapo saa kadhaa akitazamwa kabla ya kuruhusiwa kurudi nyumbani.